Usipa Wetu Uliamuliwa Tukiwa Usingizini

Lundo, Wilaya ya Mbinga
Juni 1996

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, hata kule chini kabisa karibu na matangazo ya mashine za kusaga. Mimi ni mvuvi wa usipa, hawa dagaa wa ziwa letu, hapa Lundo, na nina malalamiko dhidi ya idara inayohusika na samaki. Siitaji kwa jina, kwa kuwa leseni yangu bado iko mezani kwao.

Zamani kanuni zilishuka zenyewe kutoka juu, nasi tulilalamika kwa raha zetu. Tangu mambo yawe huria, tunaambiwa tumeshirikishwa. Hapo ndipo ninapokereka. Juzi afisa wao, Bwana Wilfred, alisimama mwaloni, pale tunapoegesha mitumbwi, akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao ni marufuku kuanika usipa mchangani. Kila kaya ijenge vichanja vya miti, na usipa utakaokutwa chini utachukuliwa. Tulipoguna, akasema kwa upole kabisa kwamba wananchi wa Lundo wenyewe ndio walioiomba kanuni hiyo kwenye mkutano wa maoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkutano huo ulifanyika saa nne asubuhi, katika siku za giza. Kila mtu wa ziwani anajua kwamba mwezi usipoonekana ndipo taa zetu za karabai huvuta usipa. Tunavua usiku kucha, alfajiri tunawakabidhi kina mama samaki, kisha tunalala. Idara ilitushirikisha tukikoroma.

2. Nimefanya uchunguzi. Nimewauliza wavuvi wenzangu: nimemwuliza Jastin, nimemwuliza Damiano, nimemwuliza hata mzee Ignatio ambaye aliacha kuvua zamani ila kulala mchana hajaacha. Wote walikuwa kitandani. Basi hao wananchi ni akina nani? Nashuku ni wakulima wa kahawa wa Umatengo walioteremka kununua kitoweo. Kama ndivyo, nasi tupandishwe huko tukawatungie kanuni za kahawa. Mimi ninayo moja tayari: mibuni yote isogezwe kando ya barabara, kwa kuwa ile milima inachosha.

3. Vichanja hujengwa na wanaume, tena mchana. Tutalala saa ngapi, idara haikusema. Tukienda kukata miti, watu wa misitu watatukamata, na wao pia watasema tulishirikishwa.

4. Babu yangu alikula usipa wa mchangani maisha yake yote, akazikwa na meno yake kamili. Mchanga kidogo husugua meno. Jambo hili wataalamu hawakulitazama.

5. Kwa hiyo napendekeza mikutano yote ya maoni ifanyike usiku, majini. Afisa aje na karabai yake. Asiyejua kuogelea ataandika barua. Usipa nao wapewe mjumbe, maana ndio wanaoanikwa.

Sifanyi mzaha, Ndugu Mhariri. Usipa huo ndio unaowalisha wanangu, na kuamuliwa mambo yake bila kuulizwa kumeniuma kweli. Kanuni yoyote isipitishwe mpaka kila anayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake awe ameulizwa. Hapo sirudi nyuma.

Nisalimie wachapaji wako na yule anayesahihisha makosa yetu. Huku sote wazima, ziwa limetulia, ila Damiano ana mafua.

Ndimi mwananchi ninayedai kuulizwa,
Cuthbert Hamphrey, mvuvi.

N.B. Barua hii nimempa mke wangu Albina aipeleke posta, maana kesho anapanda Mbinga kuuza usipa. Ameisoma yote akiwa amesimama. Anasema mkutanoni alikuwepo yeye, Gertruda mke wa Jastin, mama yake Damiano na wanawake wote wa mwaloni, kwa sababu saa nne wao huwa macho. Aliyesimama kuomba vichanja ni yeye. Tangu nimwoe anaanika kwa kuinama, jioni mgongo haunyooki, na wanunuzi wanaukataa usipa wake kwa ajili ya mchanga. Nimemwuliza kwa nini hakuniambia. Amejibu kwamba sijawahi kumwuliza.

Nilitaka kuichana, amekataa. Anasema iende hivi hivi. Basi nakuomba jambo moja tu: kama kuna msomaji wako wa jirani mwenye shoka la kuazima, anijulishe. Kesho saa nne nitakuwa macho.