Kinasa Sauti Kilichonisema Lusangi

Jamani, sura yangu mnaifahamu? Leo nimeiacha Lusangi.

Nilitumwa kutoka Kasongo kuwauliza akina mama wa kijiji hicho kwa nini wanajifungulia nyumbani wakati kituo cha afya kiko palepale. Hao ndio walikuwa kundi langu la mwisho la kuhoji. Ripoti ikiharibika, mkataba wangu unaishia hapo.

Mama wanane wakakaa mkekani. Nikawasomea ile fomu ya ridhaa: maneno yenu hayatageuzwa hata moja. (Nilisoma kwa sauti nzito, kama padri.) Nikawasha kinasa sauti. Kila swali, jibu moja: "Kule ni muzuri. Hakuna shida." Saa nzima!

Wakaondoka kupakua wali. Nikabaki peke yangu, nikampigia mwenzangu simu. "Hawa mama hawajui kitu. Wanarudia jibu moja kama kasuku. Nitatunga majibu mwenyewe, nani atajua?"

Kinasa sauti kilikuwa bado mkekani. Taa nyekundu niliiona. (Nikadhani betri inaisha. Msomi mzima.)

Tukala. Walikuwa wamenichinjia kuku, nikala mpaka nikalamba vidole. Ndipo Mama Feza, mkubwa wao, akasema, "Mutoto yangu, mbele ya kuondoka, utusikilishe sauti yetu."

Kila kijiji wanaomba hivyo, wanapenda kujisikia. Nikarudisha nyuma, nikabonyeza.

Ikatoka sauti yangu. Safi kabisa, hata kasuku alisikika vizuri. Nikatafuta kitufe cha kuzima, nikapata cha kuongeza.

Hakuna aliyecheka. Mama Feza alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sahani chini.

"Sasa andika," akasema. "Kule kwa kituo, munganga anatuonyesha meno, anatuchekea. Tukigeuka, anatusema vile umetusema. Njo maana tunazalia ku nyumba."

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Mama, mbona asubuhi hamkusema?"

"Asubuhi tulikuwa bado tunakuchunguza."

Basi wakafunguka wote wanane, mmoja baada ya mwingine. Niliandika mpaka kalamu ikakauka. Sikutunga hata nukta.

Jioni nikamweleza bosi kwa simu yale waliyoyasema. Amefurahi sana. Anasema hajawahi kusikia akina mama wakisema wazi namna hiyo, na anataka kujua niliwafunguaje. Ameomba nimtumie rekodi yote, nisikate hata sekunde.