Mpole Lazima Akamatwe

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka! Leo hata baba mkwe kanyolewa kwa Mpole, kinyozi wa mlango wa pili. Kisha kapita mbele ya kioo changu, kichwa kinang'aa, akanisalimia bila haya. Mke wangu anasema nisipopata wateja wiki hii, kiti changu kinauzwa na mimi naingia kwenye kazi yake ya kufua nguo za watu. Mimi! Basi nimeamua. Mpole lazima akamatwe.

Jumanne, 5 Machi
Kituoni. Koplo kaniuliza Mpole kakosa nini. Nikasema anaiba. Anaiba nini? Wateja! Koplo akajipangusa uso. Akasema polisi hawamkamati mtu hivi hivi: ama wawe na hati ya mahakama, ama wamwone akitenda kosa, ama wawe na sababu ya maana ya kumshuku. Wivu, eti, haumo. Nani kataja wivu?

Jumatano, 6 Machi
Nimeitengeneza hiyo sababu. Nimeacha mashine yangu ya kunyolea mlangoni kwake, nikajibanza nyuma ya pazia. Kaichukua! Nilikaribia kupiga vigelegele. Baadaye kairudisha, kainoa, kaitia mafuta. Kasema, "Kaka, ilikuwa butu mno." Matusi hayo!

Alhamisi, 7 Machi
Karani wa mahakama, mteja wangu pekee leo, kanidokeza kwamba hata raia anaweza kumkamata anayetenda kosa zito mbele ya macho yake. Nikamwacha na povu kichwani, nikaenda kuchungulia kwa Mpole. Lo! Kashika wembe kooni mwa mtu! Najua, najua, mimi pia kinyozi. Lakini macho yameona. Nikapiga kufuli mlango kwa nje, nikapaza sauti kwamba yuko chini ya ulinzi. Mtaa ukajaa.

Aliyetokea dirishani, kavaa kiraia, nusu ya ndevu bado ipo, alikuwa Koplo.

Kanikamata. Nikadai hati. Akasema haihitajiki, kosa kaliona mwenyewe, tena akiwa ndani yake. Akanieleza na sababu, taratibu, kama sheria inavyotaka: kuwafungia watu isivyo halali.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetoka kwa dhamana. Mdhamini? Mpole! Kaacha wateja kwenye foleni, kaja kunitoa, kaninunulia na chai. Mke wangu kamshukuru mpaka machozi, kisha kanionyesha beseni la mashuka. Nimefua nikiwaza. Mtu gani humtoa adui yake rumande bure? Pana jambo hapo. Kesho asubuhi namweleza Koplo kila kitu, na safari hii Mpole hana pa kukwepea.