Kiskurubu cha Mashine ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji, mjane wa Mwalimu wetu wa muziki, ametangaza. Siku ya kumbukumbu ya marehemu itapigwa ile sehemu ya polepole ya Simfoni ya Nne, aliyoipenda kuliko zote. Zipo santuri mbili, kila moja na kiongozi wake wa okestra. Jumamosi tutazisikiliza majina yakiwa yamefunikwa, kisha kura. Mtetezi wa mshindi ndiye atakayetoa hotuba ya kumkumbuka Mwalimu.

Nani kama si mimi? Kiongozi wangu tunamwita Umeme kwa kasi yake. Upande wa pili yupo Mfamasia na kiongozi wake wa polepole, Kobe. Mtu wa kupima kila kitu kwa kijiko, hata muziki anaunywa kutwa mara tatu!

Jumatano, 5 Machi

Nimempatia Mfamasia dawa yake. Mashine ya Mwalimu ya kupigia santuri ina kiskurubu ubavuni cha kurekebisha mwendo. Nikilegeza kidogo tu, Kobe atazidi kuburura miguu, watu watasinzia. Ikifika zamu ya Umeme, nakirudisha. Nimemshauri Shemeji aanze na Kobe, kwa heshima ya umri. Amenisifu kwa adabu.

Mke wangu ameuliza mbona nacheka peke yangu. Nimesema ni kikohozi.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nicheke au nilie.

Nilifika mapema, nikalegeza. Santuri ya kwanza ikaanza. Kobe mtupu! Sikio langu halidanganyiki. Nikapiga miayo. Nikamnong'oneza dobi, jirani yangu kitini, kwamba mtu anaweza kunyoa ndevu kati ya noti na noti. Chumba kizima kilikuwa kimya, na Shemeji alikuwa analia. Alisema ndivyo hasa marehemu alivyokuwa akiiongoza jikoni, mwiko mkononi, chakula kikiungua.

Nikajifanya napangusa sindano, nikarudisha kiskurubu. Ya pili ikaenda haraka zaidi. Nikatangaza kuwa huyo ndiye Umeme, nikainua mkono kuipigia kura. Mkono wangu peke yake.

Shemeji akabandua karatasi. Ya kwanza: Umeme! Kumbe Mfamasia, kwa uadilifu wake usioombwa, alimsihi azichanganye ili pasiwe na upendeleo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mfamasia alinipa mkono. Alisema miaka yote amemwonea Umeme, leo ameshindwa kihalali. Akauliza kwa nini basi nimempigia kura Kobe. Nikajibu kwamba ni heshima kwa mpinzani. Wakanipigia makofi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeipiga nakala yangu ya Umeme nyumbani, kwa mwendo wake halisi. Alipita kwenye ile sehemu kama mtu anayewahi benki kabla haijafungwa. Nikainuka, nikalegeza kiskurubu cha mashine yangu pia, nikaketi sakafuni.

Katikati filimbi inabaki peke yake, na nyuzi zinaisubiri. Sikuwahi kujua kwamba zinaisubiri. Nilimkumbuka Mwalimu akiinua kidole ili tusiongee, nami nikiongea tu. Nimelia kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Nimemweleza mke wangu kila kitu. Amesema basi huo ni mwendo wa Mfamasia, na yeye ndiye anayestahili kusema. Njia ya mwongo ni fupi, mume wangu, akaongeza, na wewe miguu yako yenyewe mifupi.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda duka la dawa kuungama. Nimejikaza kisabuni hadi mbele ya meza. Mfamasia akanitangulia. Alisema yeye hajui kusema mbele za watu, ila lipo jambo angependa nilitaje: kwamba Mwalimu alipougua na kukosa usingizi, wao wawili walikuwa wakimsikiliza Kobe pamoja, bila kusema neno. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nimenunua vidonge vya koo, nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 15 Machi

Kumbukumbu imefana. Nililegeza kiskurubu. Umeme akatembea taratibu, Shemeji akafumba macho. Nikasimulia zile saa za kukosa usingizi, ila nikajikuta nimesema walikuwa wanamsikiliza Umeme, nami nipo. Watu walitoa leso. Mfamasia alinitazama kwa muda mrefu. Baadaye akasema tu kwamba tarumbeta zilikuwa na sauti nzito, kama zina mafua.

Jumatatu, 17 Machi

Hatari! Mfamasia amejinunulia Umeme wake. Akimpiga kwa mwendo halisi, nimekwisha. Nikamkimbilia, nikajitolea kumfanyia mashine yake matengenezo bure. Amekubali, nami nikakilegeza kiskurubu. Kwa tahadhari, nimemfanyia na dobi na kila mwenye mashine. Nyumba hadi nyumba, bisibisi mfukoni.

Jumatano, 19 Machi

Mfamasia amekuja kunishukuru. Umeme anapiga vizuri ajabu. Lakini Kobe, alisema kwa huzuni, hasikiliki tena. Anakokota mno. Alijaribu kumsikiliza kwa ajili ya Mwalimu, akashindwa kumfikisha mwisho. Ameniachia mimi hiyo santuri.

Nilipofunga mlango, niliikumbatia ile santuri. Mke wangu akaniuliza kama sasa nimejifunza.

Nimejifunza! Mwezi ujao tunashindanisha Simfoni ya Tano. Wote sasa ni watu wa Umeme, Kobe hana mtetezi ila mimi niliyeachiwa santuri. Kiskurubu kile, nimechunguza, kinazunguka pande zote mbili: kulegeza na kukaza.