Maktaba ya Mzee Kimya

Jumatatu, 3 Machi
Zahanati imenunua kompyuta mpya, inataka sauti ileile ya kuita wagonjwa. Sauti ni kazi ya marehemu Mzee Kimya, fundi wetu wa programu. Ameacha faili moja, maktaba ya programu iliyokwisha geuzwa lugha ya mashine. Msimbo, yaani maandishi ya programu kabla hayajageuzwa, haupo. Maelezo ya namna ya kuitumia, hakuna. Miwani, tunayekaa naye meza moja, akashauri tuandike upya. Nikamwambia bosi nitaiunganisha na kompyuta mpya hivyohivyo. Miwani akanitazama kama anayenipima sanda.

Jumanne, 4 Machi
Nimeikamua maktaba ikataja kilichomo, amri moja tu: ita_mgonjwa. Haisemi inataka kupewa nini. Nikabuni: namba ya foleni, basi. Ikaungana bila kulalamika. Miwani anasema huenda inataka na jina. Nisipoipa, itaokota chochote ilichokikuta kwenye kumbukumbu. Ana maneno huyu.

Jumatano, 5 Machi
Majaribio zahanati. Nikaingiza namba. Ikaita jina la mwanamke, taratibu, kama inambembeleza. Sikuwa nimeandika jina lolote. Muuguzi akaniuliza huyo ni nani. Kabla sijapata uongo, mlango ukafunguliwa, akaingia mama kajishika ubavu. Jina lake lilikuwa hilohilo. Nikainama, nikajifanya nakaza waya.

Alhamisi, 6 Machi
Inaita kwanza, watu wanaingia baadaye. Mlinzi hataki tena kukaa ndani. Nikaenda kwa mjane wa Mzee Kimya kuomba msimbo.
“Aliufuta mwenyewe, mwanangu,” akasema. “Hakutaka mtu aiunganishe tena.”
“Kwa nini, mama?”
“Jina la mwisho ililoliita lilikuwa lake.”
Nikampa pole. Wazee wana mambo.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani kaniomba tuitupe. Ataandika nyingine yeye, sifa nichukue mimi. Nikanusa mtego, nikakataa.
Mbele ya bosi na daktari nikabonyeza. Ikaniita mimi, hadi jina la utotoni analolijua mama yangu peke yake. Ikanielekeza chumba cha mwisho. Daktari akasema chumba hicho hakitumiki. Bosi akacheka, akadhani ni mbwembwe zangu. Nikakubali haraka: ndiyo, inamtambua bwana wake.
Naandika haya nikiwa mlangoni pa chumba hicho. Nataka kusikia kama spika ya humo inatoa sauti safi. Miwani kaning'ang'ania mkono, machozi yanamtoka. Watu hawapendi kabisa kuona mwenzao anapanda cheo.