Joho la Baba Mdogo

Jumamosi, 21 Desemba 2024

Champlin, hapa Amerika, kwenye sherehe ya Jotham. Kahitimu! Jotham yule yule tuliyekuwa tukigombea naye abiria uwanja wa ndege, leo ana digrii ya uuguzi na joho jeusi ambalo alikataa kulivua hata wakati wa kula mbuzi. Mchuzi ulimdondokea kifuani. Nilifarijika kidogo.

Nikamuuliza ada alitoa wapi. Akanipiga bega, akasema, boss, mimi ni veteran, jeshi ndilo limenisomesha, tena na posho ya nyumba juu. Miaka minne tu alitumikia, na yote jikoni! Mtu anamenya viazi anapewa chuo kikuu. Mimi nimeendesha gari juu ya barafu miaka ishirini na moja na sijapewa hata kofia.

Kama hiyo haitoshi, Saadia mke wangu akampiga picha Jotham na joho lake, akaituma kwa mama yangu Mombasa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama akajibu hapo hapo: kapendeza, na lako lini? Maana Kibokoni nzima inajua kwamba Hussni wa Bi Aaliyah anasoma Amerika. Nilimwambia niko mwaka wa mwisho. Mwaka huo wa mwisho umerefuka kidogo, sasa unakaribia kuota ndevu.

Mama ana mtoto wa jicho, masikini. Anasema anataka kuniona ndani ya joho kabla giza halijaingia kabisa. Mengine yote natania, ila hili sitanii. Picha hiyo nitampa.

Jumapili, 22 Desemba

Nimelipata. Alamin!

Alamin ni mdogo wake marehemu baba. Babu alioa mke wa tatu akiwa hana jino hata moja, na Alamin akazaliwa mimi nina miaka minane. Kwa mila, basi, yule ni baba yangu mdogo. Kwa akili za kawaida, ni kijana niliyemfuta kamasi. Sijapata kumwita baba. Namwita "kijana", mbele za watu, kwa sauti.

Sasa huyo kijana yumo jeshini mwaka wa kumi na mbili, siku hizi jeshi la akiba, fundi wa malori. Haki yake ya kusomeshwa hajaigusa. Anasema injini haimwulizi mtu insha. Na nimesoma kwenye simu kwamba mwanajeshi anaweza kumhamishia mwanawe haki hiyo. Mwanawe! Watu watasema Alamin hana mtoto. Kwani mimi ni nani? Mtoto wa kaka yako si mtoto wako? Hata kuku wa Kibokoni wanalijua hilo.

Nikampigia simu. Nikasema, shikamoo baba mdogo.

Akaniuliza nani amekufa.

Ijumaa, 27 Desemba

Kuwa mwana mwema ni kazi ya punda. Nimeamka na alfajiri, nimetoka kwetu Frogtown mpaka kwake Apple Valley na koleo langu mwenyewe, nimezoa theluji yote mlangoni kwa Alamin. Yeye akatoka na kikombe cha kahawa, akasimama, akanionyesha nilipobakisha. Mgongo unaniuma hadi sasa.

Jirani yake Mzungu akauliza huyu mzee ni nani. Alamin akamjibu kwamba ni mwanawe. Mzungu akazitazama mvi zangu, akamtazama Alamin, akarudi ndani bila kuaga.

Nikaingiza habari ya chuo kwa unyenyekevu. Nikamkumbusha kwamba mwana ni taa ya nyumba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, mwanangu, mimi sina neno, waulize wenyewe chuoni, na ukirudi kesho pitia na pembeni mwa gereji. Mwanangu! Huyu ambaye nilikuwa nikimfunga kamba za viatu.

Nimemsamehe. Mchumia juani hulia kivulini, na mchumia thelujini vile vile.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Nimekwenda chuoni St. Paul, ofisi ya wanajeshi wastaafu. Bahati yangu! Nyuma ya meza nimemkuta Jeptoo, Mkenya mwenzetu wa Eldoret. Nikajisemea, huyu sihitaji kumfundisha ukoo.

Akaniuliza baba alizaliwa mwaka gani. Nikasema themanini na nane. Akauliza, na mwana? Nikasema themanini. Kalamu ikasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama upya kama aliyedhani kosa liko kwenye kioo. Halafu akacheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akaja kuuliza kama anaumwa.

Nikamweleza mila. Akasema anaijua, kwao pia ndugu wa baba ni baba, na anao akina baba sita, lakini serikali hii haijapata kukaa kwenye baraza zetu. Baba wanayemtambua ni aliyekuzaa, aliyekuasili au aliyemwoa mama yako. Na hata hivyo, mtoto akishatimiza miaka ishirini na sita amepitwa. Nikamwuliza kama hiyo ishirini na sita ina mjadala. Akafunika kalamu.

Mwenye huruma, akanitajia masomo ya jioni ya watu wazima, somo moja moja, nafuu, yanaanza mwezi ujao. Akasema ataniandikisha mwenyewe. Nikamshukuru kwa baridi. Somo moja moja! Mimi si mtu wa rejareja.

Nilipokuwa nafunga zipu ya koti nikauliza, hivi hivi tu, zaidi ya watoto ni nani mwingine anaweza kupewa. Akasema mke.

Mke, kumbe.

Alhamisi, 9 Januari

Niandike haraka kabla akili haijapoa.

Fathiya ni mdogo wake Saadia. Anakaa kwetu, anauza madira kwenye duka moja la Wasomali, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wa dukani. Ni shemeji yangu, kwa hiyo namtania nitakavyo: mpishi wa maji ya moto, bibi harusi wa mwakani. Hajaolewa. Alamin hajaoa. Alamin akimwoa Fathiya, haki ya chuo inahamia kwa mke, na mke ni wa nyumbani kwangu, amekula wali wangu miaka minne. Masomo yenyewe ni ya kompyuta, nani atauona uso? Jina la Fathiya, kichwa changu! La cheti kutoka na jina la Fathiya nitalifikiria baadaye. Ya kesho ayajua Mungu.

Nimemweleza Fathiya mpango wote. Nilitegemea matusi. Badala yake akainamisha kichwa, akajifunika mtandio mdomoni, mabega yakawa yanatikisika. Akasema, shemeji, kwanza niolewe, mengine baadaye. Nadhani alikuwa analia kwa furaha.

Jumapili, 12 Januari

Nimepeleka posa ya Alamin, kwa ruhusa yake, kwangu mwenyewe. Upande wa bwana harusi hakuna mtu mzima mwingine hapa ila mimi, mwanawe. Na nyumba ya bibi harusi ni yangu. Kwa hiyo nimetoka nje na kanzu, nimeshuka ngazi mpaka mlango wa ule mgahawa wa supu ulio chini yetu, nimepanda tena, nimebisha hodi kwenye mlango ambao ufunguo wake ninao mfukoni. Saadia akauliza kutokea ndani, nani? Nikamwambia ni mimi, Hussni. Akasema hamjui Hussni mwenye adabu ya kubisha hodi. Nikasimama kwenye ngazi ya nje, upepo unapanda ndani ya kanzu, mpaka niliposema vizuri kwamba ni mgeni na nimekuja kwa heri.

Baba yao akina Fathiya alikuwa kwenye simu kutoka Mombasa. Nikamsifu Alamin mpaka nikaona aibu mwenyewe. Mchapakazi, mtulivu, mwenye kuwapenda wazee. Posa ikakubaliwa kabla sijafika nusu ya sifa.

Ndipo Saadia akanieleza, huku akinimiminia kahawa, kwamba Alamin na Fathiya wamependana mwaka mzima. Waliyekuwa wakimngoja ni mimi, kwa kuwa kila jina la Alamin likitajwa nilikuwa nasema yule bado mtoto, hajui hata kuosha sufuria, ataoaje. Walikuwa wameanza kukata tamaa. Akaniambia Mungu anilipe.

Nimeamua kulichukulia kama pongezi. Arusi kabla ya Ramadhani.

Jumamosi, 8 Februari

Nikaha imefungwa. Pilau nzuri, ukumbi wa baridi, nyimbo mpaka vioo vikatoa jasho.

Jambo moja sikulipigia hesabu. Saa ile ile shekhe alipofunga dua, Fathiya akawa mke wa baba yangu mdogo. Yaani mama yangu. Nilipomwita mpishi wa maji ya moto kwa mazoea, wazee wote wakanigeukia, na mmoja akanikumbusha kwamba mtu hamtanii mama yake. Fathiya akanyoosha mkono. Nikaubusu! Saadia naye amekuwa mkaza mwana wa mdogo wake wa tumbo moja, na amelia kwa kicheko.

Halafu Alamin akasimama. Si msemaji. Akasema kwamba ili mkewe asome lazima yeye aongeze miaka minne jeshini, na kwamba amekubali, na kwamba Fathiya atasomea uhandisi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamsogelea bibi harusi, nikamnong'oneza kuhusu jina lake na kichwa changu. Akaniambia kwa upole, mwanangu, kichwa ninacho.

Basi! Nimezoa theluji mwezi mzima, nimejiposea nyumbani kwangu, nimepata mama.

Lakini mtu mwenye akili hakosi la akiba. Alamin alikuwa amevaa joho: jeusi, zito, lenye nyuzi za dhahabu shingoni. Nikalikodolea macho. Joho ni joho! Nikamwomba baba mdogo aniazime kidogo. Jotham alikuwepo, na kofia yake ya kuhitimu, ile yenye pembe nne, imo garini, anatembea nayo popote asije akasahau kwamba ana digrii. Nikaivaa. Nikasimama mbele ya ukuta mweupe, nikashika karatasi ya orodha ya vyakula, nimeikunja vizuri. Saadia akapiga picha bila kusema neno, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na utulivu.

Nikamtumia Mama. Nikaandika: Mama, nimehitimu.

Jumapili, 9 Februari

Mama amejibu kwa sauti ya kurekodi. Nilikuwa uwanja wa ndege, nikaisikiliza garini.

Amesema mashallah, joho limenikaa vizuri kuliko lilivyomkaa babu yangu. Maana ni la babu yangu. Limetoka sandukuni kwake, alilituma mwenyewe na msafiri ili Alamin aolee joho la baba yake. Kile kiraka cha kwapani alikitia yeye mwezi uliopita, kwa uzi wa kijani, kwa kuwa mweusi ulimwishia. Ameuliza vyuo vya Amerika vimeanza lini kuja kuazima nguo kwake.

Nikajiuliza kwapa amelionaje. Akanijibu kama aliyenisikia: jicho limepasuliwa tangu Desemba, sasa anatunga sindano bila miwani. Alamin ndiye aliyegharamia. Akashangaa kwamba Alamin hakuniambia.

Kisha sauti yake ikashuka. Amesema alijua siku nyingi kwamba sisomi. Watu wakimwuliza husema nasoma, kwa sababu kila nikimwambia hivyo sauti yangu huwa ya furaha, na hakutaka kuiharibu. Amesema joho si lazima. Hata darasa moja la jioni, nipige picha na daftari na kalamu, ataitundika ukutani.

Niliona haya. Niliona haya sana, niandike ukweli. Abiria aligonga kioo mara tatu ndipo nikamsikia.

Jumatano, 12 Februari

Jeptoo amepiga simu asubuhi. Masomo ya jioni yanaanza wiki ijayo, imebaki nafasi moja, ameniwekea. Sikupokea, ameacha ujumbe. Nilikuwa katikati ya fikra muhimu.

Maana jana nilikwenda Apple Valley kuzoa theluji (mazoea ni maradhi), na mama mdogo hakumaliza chai yake. Akasema harufu ya maziwa inamchukiza. Inaweza kuwa tumbo tu, arusi ina siku nne. Lakini hata kama si sasa, itakuwa. Na mtoto wa Alamin ni mtoto wake hasa, wa kumzaa, si wa mila. Huyo serikali haina la kumwambia! Jeshi likibakisha chochote baada ya uhandisi wa mama yake, ni chake.

Na mtoto wa baba yangu mdogo ni nani kwangu? Ni mdogo wangu. Na mdogo mwenye adabu hamnyimi kaka yake mkubwa, aliyembeba, aliyemfuta kamasi. Kazi hiyo ninaijua, nimeshaifanya.

Akizaliwa mwaka huu, atafikia umri wa chuo mimi nikiwa na sitini na tatu. Umri mzuri wa kuvaa joho, mtu anakuwa na heshima yake. Kesho nampelekea mama mdogo tende na ndimu. Mama amenisubiri miaka ishirini na moja, hii kumi na minane haitamshinda, hasa sasa ambapo jicho limepona.