Mguu wa Kushoto wa Butoyi

Hotuba ya Ndugu Elisante, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uratibu wa Burudani Jumuishi Nyanda za Juu, aliyoitoa kwa wananchi wa Busunzu mbele ya kibanda cha video cha Bwana Shamsi, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2014, saa tisa alasiri. Yaliyomo kwenye mabano yameandikwa na Herieth, karani wa kumbukumbu.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, nafasi ambayo kwa leo ninaikaimu mwenyewe, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Ufuatiliaji wa Msimu wa Pili, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuifuatilia Kamati hiyo, Ndugu Watendaji wa vijiji mliofika na mlioahidi kufika, viongozi wetu wa dini, mashehe, mapadre na wachungaji, ambao mlikuwa na mashaka na suala la mizimu hadi nilipowaelimisha, mzee wetu Mwalimu mstaafu Nathaniel, uliyeketi mbele kabisa kwenye kiti ulichokuja nacho kutoka nyumbani, shikamoo, Bwana Shamsi, mwenye kibanda ambacho kufuli lake linaonekana nyuma yangu, wafanyabiashara, wakulima wa mihogo, maharage na kahawa, wageni wetu mliotoka Nyakitonto kwa baiskeli, mabibi na mabwana. Kuna viongozi husema itifaki imezingatiwa, wakakimbilia kwenye chakula. Mimi nimeizingatia kwa kuisoma yote. Mwakeye! (Wananchi wanacheka. Hiyo ni salamu ya asubuhi.) Nafurahi kuona lugha yenu nimeishika.

Msimu wa Pili! (Wananchi: Uje!) Msimu wa Pili! (Wananchi: Uje upesi!) Hapo kwenye upesi hatukukubaliana, lakini nimepokea.

Ndugu wananchi, kwa faida ya wachache ambao hawana historia ya mradi, na kwa kuwa hotuba yenye hadhi huanza na usuli, naomba nikumbushe kwamba mwaka 2012 Bwana Dadi, mfanyabiashara wa Kasulu mjini, alileta katika kibanda hiki sidii tano za katuni ya mizimu kutoka nchi za mbali, katuni ambayo lugha yake haikufahamika kwa mkazi yeyote wa eneo hili, na kwamba ndugu Evaristi, fundi baiskeli asiye na cheti chochote cha ukalimani, alisimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti akawa anawaeleza watazamaji yanayosemwa kwa jinsi alivyoona yeye. Ni huyo huyo Evaristi aliyewapa wale watoto wawili wa kwenye katuni majina ya Bukuru na Butoyi, kwa kuwa ni mapacha, na mapacha wa huku ndivyo wanavyoitwa, Bukuru anayetangulia kuzaliwa na Butoyi anayefuata. (Makofi marefu. Watu wanageuka kumtazama Evaristi, aliyekaa kwenye ngazi za kibanda na pampu ya baiskeli mapajani.) Makofi hayo ni ya mradi, siyo ya mtu mmoja mmoja.

Mtakumbuka kwamba Butoyi alichukuliwa na mizimu ya mtoni, kwamba dada yake Bukuru alimfuata hadi chini ya maporomoko, akapita mlango wa jiwe, akahangaika huko ndani kwa sehemu ishirini na sita, na kwamba katika dakika ya mwisho ya sehemu ya mwisho alimkamata ndugu yake mkono, wakaukimbilia mlango huku unajifunga, Bukuru akawa ametoka, Butoyi naye akawa ametoka isipokuwa mguu wake wa kushoto, ambao ulikuwa bado upande wa mizimu pale kioo kilipogeuka cheusi na yakatokea maandishi ya kigeni yenye umbo la vijumba. (Mama Zuleha wa vitumbua: Jamani, ule mguu!) Nimesikia, mama. Ule mguu ndio ajenda.

Mlisubiri muendelezo. Mvua za vuli zikapita mkisubiri, mkaandika barua yenye saini na dole gumba mia tatu na kumi na mbili mkiiomba ofisi yangu ifuatilie Msimu wa Pili, na barua hiyo ilinigusa sana kama kiongozi msikivu niliyehudumu katika mikoa sita na kuhamishwa yote sita kwa heshima. Sikulala. Nilijiuliza, je, hawa watu wanataka katuni tu, au wanataka mfumo? Nikajijibu kwamba wanataka mfumo. (Sauti kutoka nyuma: Katuni!)

Tukaanza kazi. Hata kabla ya uzinduzi tulizichukua zile sidii zote tano kama nyaraka rejea, na hadi leo ziko salama ofisini Kibondo, juu ya kabati, chini ya birika la chai, mahali ambapo hakuna mtu wa kuzigusa. Kisha tulikifunga kibanda hiki ili Msimu wa Pili ukifika ukute mazingira wezeshi. (Bwana Shamsi: Mwaka na nusu sasa, kiongozi!) Mwaka na nusu wa mazingira wezeshi, nashukuru kwa kunisaidia takwimu. Vilevile, na najua jambo hili lilileta manung'uniko, tulimpiga marufuku ndugu Evaristi kusimulia habari za mapacha hao, iwe kibandani, gengeni, kilabuni au msibani, baada ya kubainika kwamba alikuwa ameanza kuwaambia watu kilichotokea baadaye, wakati kilichotokea baadaye hakijapitishwa na kikao chochote. Nchi haiwezi kwenda hivyo. Leo fundi baiskeli atatoa mguu mlangoni, kesho mwingine ataurudisha, na sisi wataalamu tutakuwa tunafanya nini? (Sauti ya mwanamke: Hata sasa hatujui.)

Baada ya hapo tulifanya fizibiliti stadi. Timu ya wataalamu wanane ilikwenda Kasulu kwa ziara ya mafunzo, ikakaa siku nne katika nyumba ya wageni ikiangalia televisheni, ikarejea na ripoti ya kurasa sitini na mbili yenye picha za rangi, ambayo hitimisho lake kuu ni kwamba televisheni huangaliwa kwa mbele. Msicheke. Kabla ya ripoti hiyo tulikuwa tunakwenda kwa mazoea.

Na matokeo yanaonekana, ndugu zangu, kwa sababu mimi ni mtu wa impakti. Tulipouanza mradi, kiwango cha matumaini katika eneo la Busunzu kilikuwa asilimia arobaini na moja, na kwa mujibu wa tathmini ya Juni kimepanda hadi asilimia themanini na saba nukta sita, huku Nyakitonto wakifikia asilimia mia na nne, kiwango ambacho kitaalamu hakiwezekani lakini wamekifikia. (Watu wa Nyakitonto wanapiga kengele za baiskeli.) Wastani wa kusubiri kwa kaya umeongezeka maradufu. Kuna eneo gani lingine linasubiri kwa kiwango hiki? Nimezunguka, sijaliona.

Najua wapo wanaosema kwamba katika suala la mguu ofisi yangu imekaa kimya. Huo ni upotoshaji. Suala la mguu wa kushoto wa Butoyi lilijadiliwa na Kamati kwa saa tano mfululizo mwezi Oktoba, hoja zikatolewa kwa pande zote, mjumbe mmoja akalia, na kwa kura tisa dhidi ya nne, wawili wakijizuia, Kamati ikaazimia kwamba mguu uko salama kwa muda. Azimio lipo, lina muhuri, na nakala imebandikwa ubaoni.

(Mzee Nathaniel ananyoosha fimbo.)

Mwalimu, nimekuona, na barua yako ninayo hapa hapa, kwa maana sisi barua za wananchi tunazisoma hadharani. Unaandika, nanukuu: Mheshimiwa, mimi ni Bukuru. Butoyi wangu alichukuliwa na maji ya mto mwaka 1946, tukiwa na miaka sita, mkono wake nikiwa nimeushika. Maandishi ya hao watu siyajui. Sasa nina miaka sabini na minne na kifua kinanisumbua. Ninaomba kuambiwa tu kama huyu wa kwenye katuni alitoka. Mwisho wa kunukuu. (Mama Zuleha anajifuta macho kwa kanga.) Mwalimu, maoni yako mazuri tumeyaingiza kwenye jedwali la maoni ya stekiholda, namba kumi na saba, safu ya Mengineyo, na majibu ya ofisi ni kwamba yamepokelewa. (Mzee Nathaniel: Nilikuwa ninauliza, mwanangu. Sikuwa natoa maoni.) Keti mzee wangu. Maswali yana jedwali lake.

Sasa niende kwenye mwelekeo. Ifikapo robo ya tatu ya mwaka ujao, ofisi yangu itajenga hapa Busunzu Banda la Kisasa la Kusubiria Msimu wa Pili, lenye uwezo wa kusubirisha watu mia nne kwa mkupuo, lenye viti vya kuegemea, choo cha walemavu, na chumba maalumu cha wazee kama Mwalimu ambao kusubiri kwao ni kwa dharura. Tutatoa semina ya kusubiri kwa vijana. Tutawapa wanawake vikundi vya kusubiri. Na barua rasmi kwa watengenezaji wa katuni imekwisha kuandaliwa, imehaririwa mara kumi na moja, ni barua nzuri ambayo ukiisoma unaweza kudhani imeandikwa na mtu aliyesoma nje, na kinachosubiriwa ni jambo dogo tu, anwani. (Bwana Shamsi: Kwa hiyo haijatumwa?) Bwana Shamsi, wewe ni mtu wa video. Mambo ya posta tuachie.

Ndugu wananchi, sikuja kuwachosha. (Wananchi: Umeshatuchosha!) Naomba nihitimishe kwa shukrani, ambazo nitazisoma kama zilivyo katika kiambatisho nilichokabidhiwa asubuhi hii na vijana wa ofisini, maana sipendi mtu aliyetoa mchango wake asahaulike.

Namshukuru dereva wangu Omary kwa kutufikisha, licha ya vumbi la barabara. Namshukuru Mama Zuleha kwa vitumbua vya meza kuu. Nawashukuru wajumbe wote wa Kamati kwa uzalendo wa kukaa vikao ishirini na tatu. Nikimtaja wa mwisho si kwa umuhimu, namshukuru mhandisi wa Kichina wa kazi za barabara, ambaye tarehe 11 Februari 2013, yaani wiki tatu kabla sijauzindua mradi huu, alipita ofisini kuomba maji ya kunywa, akaonyeshwa kwenye kompyuta yale maandishi yenye umbo la vijumba, akayasoma papo hapo, na tafsiri yake, ambayo imo kwenye faili la mradi tangu siku hiyo, inasema, nanukuu: Hadithi yetu imeishia hapa, hatutatengeneza nyingine, asanteni mliotutazama. Mwisho wa kunukuu.

(Mratibu Mkuu anaigeuza karatasi, anaangalia nyuma, anaigeuza tena.)

Kama mnavyoona, mradi wetu una uwazi.

(Mzee Nathaniel, amesimama: Kwa hiyo mlijua. Walimwacha mguu ndani, na mlijua?)

Mwalimu, hakuna aliyeachwa. Mguu upo katika mchakato. Hiyo ni tafsiri ya mhandisi wa barabara, siyo mhandisi wa katuni, na ofisi inaweza kuunda timu ya kupitia upya. Naomba utulivu. Naomba watu wa Nyakitonto mshuke kwenye baiskeli, mkutano haujafungwa.

(Evaristi ameinuka kwenye ngazi. Ameweka pampu chini. Anasema, bila kipaza sauti: Mwalimu, lete kiti chako huku.)

Ndugu Evaristi, nakukumbusha katazo!

(Evaristi: Mlango ulikuwa unajifunga. Bukuru amemshika mdogo wake mkono, mguu wa kushoto umenasa, na yule mzimu mwenye taa anakuja nyuma anapiga kelele kama gari linalopanda mlima.) (Watu wanahamisha viti. Bwana Shamsi amembebea Mzee Nathaniel kiti chake.)

Wananchi, tufunge kwa kaulimbiu kama ilivyo ada. Msimu wa Pili! (Wananchi wamemgeukia Evaristi.) Nasema, Msimu wa Pili! (Omary dereva: Uje. Kisha naye anakwenda kwenye ngazi.) Kusubiri ni maendeleo! Matumaini kwanza, katuni baadaye! Nawashukuru kwa usikivu wenu mkubwa, na natangaza kwamba kwa niaba ya ofisi ninayoiongoza, ninayo heshima na taadhima kubwa ya

(Mwandishi wa kumbukumbu anaomba radhi kwa kutonukuu sehemu iliyobaki ya hotuba. Hakuisikia, alikuwa kwenye ngazi za kibanda pamoja na wengine. Kwa kumbukumbu tu: Bukuru hakuuachia mkono. Mzee Nathaniel aliuliza mara mbili kama ni kweli hakuuachia, na Evaristi akamjibu mara mbili, Hakuuachia, Mwalimu. Mguu umetoka. Kilichobaki ndani ni kiatu. Herieth, karani.)