Pikapu ya Themanini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeruhusiwa kununua pikapu. Naandika ili niamini. Shule iliyo ng'ambo ya reli inataka madawati arobaini niliyoitengenezea yafike kabla ya Jumatatu ijayo, maana watoto wa darasa la kwanza wanakalia matofali. Mwenye mkokoteni anayenibebea mizigo ameumia mgongo. Mke wangu, fundi cherehani asiye na muda wa hadithi, amesema nitafute gari lenye magurudumu manne na nafasi nyuma, basi.

Basi! Kana kwamba pikapu ni ndoo. Ninayoitaka mimi ni ile ya zamani, ya taa za duara na pua fupi, na hata hiyo ina miaka yake. Ya mwaka sabini na nane ina chasi ya chuma cha kweli, ila ukikanyaga breki unaanza kusali. Ya themanini na tatu ina gia tano, na bodi nyembamba kama kopo. Katikati yao, kama ulimi wa mbao uliokaa sawasawa kwenye tundu lake, ipo ya themanini na moja. Chuma cha zamani, breki za maana. Jambo hili nimelisoma miaka kumi na mmoja. Nina daftari.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata. Ipo uani kwa Bi Nesi, muuguzi mstaafu, mitaa miwili kutoka karakana yangu. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Ya kijani, chini ya banda la bati, kuku wawili wamejilalia kwenye kiti cha abiria. Nikauliza mwaka. Akasema kadi ya gari inasema themanini na moja. Nikajifanya natazama kuku.

Tatizo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Anauza matairi, na maoni anayatoa bure. Ana pikapu ya sabini na nane, na hutangaza mbele za watu kwamba baada ya mwaka huo kiwanda kilianza kutengeneza masufuria. Asubuhi alishapita kwa Bi Nesi. Anaitaka aikatekate apate vipuri. Kuikata ya themanini na moja! Bi Nesi amesema atauza Jumamosi, kwa mtu atakayeridhika naye.

Jumatano, 5 Machi

Nina mpango. Shemeji hunyolewa kila Jumatano saa kumi. Saa tisa nikaenda kwa kinyozi nikapunguze ndevu ambazo hazikuhitaji kupunguzwa. Nikamdokezea kwa siri kwamba pikapu ya Bi Nesi sakafu yake imeliwa na kutu, na isitoshe ni ya themanini na tatu, imevishwa kadi ya themanini na moja. Kinyozi akaapa kwamba hatamwambia mtu. Nikaondoka nimeridhika, kwa sababu namjua.

Uongo? Hapana. Nauita tahadhari.

Nyumbani mke wangu ameuliza kama madawati yataenea. Nikamwambia kwanza mwaka, vipimo baadaye. Amenitazama anavyotazama kitambaa kilichokatwa upande.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango unafanya kazi kuliko nilivyoagiza. Asubuhi fundi viatu aliniambia kwamba pikapu ile ilizama mtoni siku tatu. Mchana muuza mkaa akasema huwa inajiwasha yenyewe. Jioni, mtu nisiyemjua kabisa alinishika mkono barabarani akanionya kwamba usukani wake umekataa kukata kushoto tangu mwenyewe alipofariki. Nikamuuliza maswali matatu. Alijibu kwa uhakika mkubwa.

Nimerudi nyumbani na wasiwasi. Najua uvumi huu ni wangu, lakini hiyo habari ya kushoto sikuisema mimi. Nimeandika daftarini: *chunguza kushoto*.

La kheri ni kwamba shemeji amejitoa. Anasema hanunui gari la kuzama.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Nesi amekuja karakana. Akakaa kwenye dawati ambalo vanishi yake haijakauka, nami nikakosa ujasiri wa kumwambia. Akasema amesikia yanayosemwa. Akasema miaka kumi na tisa mumewe alibeba wajawazito kwa pikapu ile, mvua ikinyesha, barabara ikiwa tope tupu, na hakuna hata mmoja aliyeachwa njiani. Sasa watu wanavuka barabara wasipite mbele ya geti lake. Akaniomba, kwa kuwa mimi huzunguka mitaani, nimsaidie kujua maneno haya yameanzia wapi.

Nikasema nitafuatilia.

Aliinuka na mistari miwili ya vanishi kwenye gauni, akaenda zake. Nilishindwa kushika randa kwa muda mrefu. Madawati arobaini yalikuwa yananitazama.

Jioni shemeji amemweleza dada yake kila kitu. Kinyozi hakumficha hata ndevu zangu. Mke wangu hakupaza sauti. Alikata uzi kwa meno, akakunja nguo aliyokuwa akishona.

"Kesho tunakwenda wote," alisema. "Na utaanza wewe kuongea."

Jumamosi, 8 Machi

Nimeongea. Nilisimama uani kwa Bi Nesi nikasema ni mimi, na kwa nini, na kwamba mto sikuutaja. Nilitaka kueleza habari ya breki, lakini mke wangu alikohoa. Nikaomba radhi. Na niandike ukweli, maana humu hasomi mtu: niliona aibu, na si kwa ajili ya pikapu.

 Bi Nesi akasema alijua tangu Alhamisi. Yeye ndiye aliyempokea kinyozi yule siku alipozaliwa, na kinyozi hajawahi kumficha kitu. Jana alikuja kunipa nafasi ya kusema.

"Umechelewa siku moja," alisema. "Lakini umekuja."

Mke wangu alikuwa amemwita Fundi Kimya, makanika ambaye husema maneno kumi kwa siku. Akaingia chini ya gari, akafunua boneti, akagongagonga bodi. Alipotoka alitumia kumi na matano: "Chasi ya sabini na nane. Injini ya themanini na moja. Bodi ya themanini na tatu."

Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Bi Nesi akaeleza kwamba mumewe aliiunga kidogo kidogo, kila kilipokufa kitu. Nikauliza marehemu alikuwa anaiita ya mwaka gani. Akasema alikuwa anaiita gari.

Nikawakumbusha kwamba nilisema ni ya themanini na tatu, na bodi inaniunga mkono. Mke wangu alinikanyaga.

Yeye wakati huo alikuwa ameshavua futi shingoni na kupima nyuma. Madawati manane kwa mkupuo, safari tano. Akaomba ufunguo, akawahamisha kuku kwa adabu, akawasha. Iliitika mara ya pili. Akazunguka uwanja, akakata kushoto bila taabu yoyote.

Bi Nesi amemuuzia yeye. Si mimi. Sharti ni moja tu: mjamzito akigonga mlango wetu, gari linatoka, iwe saa yoyote. Mke wangu amekubali kabla sentensi haijaisha.

Jumapili, 9 Machi

Safari tano. Mke wangu kwenye usukani, mimi nyuma nimeshikilia madawati, naiona barabara kinyumenyume. Shemeji alikuja bila kuitwa, na tairi la akiba, akasema chasi ndiyo iliyofanya kazi yote. Nikasema injini. Tulibishana hadi shuleni, na mizigo tukaishusha pamoja.

Watoto wa jirani na shule walikimbilia ndani kujaribu. Mmoja alilaza shavu juu ya dawati, akafumba macho, akatangaza kwamba linafaa. Wakati wa kurudi watu walitupungia mkono. Hakuna aliyevuka barabara. Bi Nesi alikuwa amekaa mbele na mke wangu, dirisha wazi, na mara moja nilimsikia akicheka.

Nimejifunza mengi wiki hii. Nitayaandika nikipata nafasi.

Jumatano, 12 Machi

Karakana ya mtaa wa pili inafungwa, na wanauza mashine ya kuranda mbao. Ya zamani, ya chuma kizito. Watu hawajui kwamba zipo za sitini na tisa, ambazo hutafuna mbao, na za sabini na sita, ambazo hupiga kelele tu. Iliyo sawa ni ya sabini na nne. Nimefungua daftari jipya.

Seremala mwenzangu wa kona naye anaitaka. Kwa hiyo leo nimemdokezea muuza magazeti kwamba mashine ile ina historia. Sikusema zaidi ya hapo. Nimechagua vizuri safari hii: muuza magazeti ni mtu mtulivu sana, na huzungumza na wateja wake tu.